Presha kuka ya umeme katika jiko la Arusha: miezi minane ya makande, kongoro na LUKU

Anayepika maharage Arusha hushindana na mwinuko wa mji kabla ya kushindana na maharage yenyewe. Mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yanapofika nyuzi joto kama 95, ilhali Tanga na Dar es Salaam huchemka yakiwa nyuzi 100. Hata ukiupepea mkaa hadi jiko zima liwe jekundu, maji yanayotokota hayazidi joto hilo. Yanakauka upesi tu, nawe unabaki kuongeza mengine. Kwa sababu hiyo sufuria ya makande nyumbani kwetu Sakina ilikuwa ikikaa motoni saa tatu na zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo nilinunua presha kuka ya umeme, ambayo sasa imetimiza miezi minane jikoni kwangu.

Niliyonunua ina ujazo wa lita 6 na nguvu ya wati 1,000, na nililipa shilingi 165,000 katika duka moja la vifaa vya nyumbani katikati ya mji. Ni chombo kinachoeleweka haraka: sufuria ya ndani inakaa juu ya sahani ya umeme, mfuniko wenye mpira unafunga kabisa, mvuke unakosa pa kutokea, mgandamizo unapanda, na maji yanaruhusiwa kupata joto kubwa kuliko ambalo yangelipata katika sufuria ya wazi. Chini ya chombo changu imeandikwa kwamba mgandamizo wa kazi hufika kilopaskali 70. Kiasi hicho huhesabiwa juu ya mgandamizo wa hewa iliyopo mahali ulipo, na hapa ndipo penye jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza. Pwani, ambako hewa ni nzito, kilopaskali hizo hufikisha maji kwenye nyuzi 115 hivi. Arusha, ambako hewa ni nyepesi, chombo kile kile kikifanya kazi vizuri kabisa kinaishia nyuzi 112 au 113.

Tofauti ya nyuzi mbili au tatu inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoharibu makande yangu ya kwanza. Nilifuata kijitabu neno kwa neno: maharage yaliyolowekwa usiku kucha, dakika 30. Nilipofungua, ngozi zilikuwa zimelainika na viini vilikuwa bado vigumu, na mahindi yalikuwa hayatafuniki. Nilikasirika, nikaamini nimeuziwa kifaa kibovu, nikakirudisha katika boksi lake nikikusudia kukipeleka dukani Jumatatu. Aliyeniokoa na safari hiyo ni mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Machame kututembelea na ambaye amepika maharage katika mwinuko kwa miaka yake yote. Aliichukua punje moja, akaibinya kati ya vidole viwili, akasema, "Mwanangu, haya hayajakataa kuiva, yameondolewa mapema. Yarudishe." Niliyarudisha kwa dakika kumi na tano, yakaiva.

Baadaye nilipata kanuni inayotumiwa na wapishi wa presha: ukipita mita 600, ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazofuata. Kwa Arusha ongezeko hilo linakaribia asilimia 13, kwa hiyo dakika 30 za kijitabu zinakuwa 34. Ndugu zetu wa Moshi mjini, walioko mita 800 hadi 900, wataongeza dakika moja au mbili tu. Kwa makande nimejifunza kutokuwa bahili: mahindi yaliyokobolewa na maharage vikilowekwa tangu jioni iliyotangulia ninaviwekea dakika 45, kisha ninaacha mvuke ushuke wenyewe kwa dakika 20. Ukiongeza dakika 20 au 25 ambazo chombo hutumia kupanda joto, tangu kufunga mfuniko hadi kupakua ni saa moja na nusu hivi, ambayo ni nusu ya muda wa zamani. Kubwa zaidi kuliko muda wenyewe ni kwamba katika saa hiyo moja na nusu hakuna anayesimama jikoni kuchochea, kuongeza maji wala kupepea.

Umri wa maharage nao una neno lake. Maharage mapya ninayonunua Tengeru siku za soko, Jumatano au Jumamosi, huiva vizuri kwa dakika 30 na kidogo yakiwa peke yake. Yale yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita yanaweza kudai dakika kumi za ziada, hata kama yamelowekwa saa zile zile, na hakuna kitufe kinachoweza kulijua hilo kwa niaba yako.

Kuhusu gharama nilitaka kujiridhisha kwa macho. Siku moja nilizima friji, pasi na kila kitu kingine, nikasoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika makande ya kututosha watu sita. Yalitumia uniti 0.6. Sisi tuko katika kundi la watumiaji wa kawaida, ambao shilingi 10,000 huwapa uniti 28 hivi ikiwa kodi ya jengo imekwisha kukatwa mwezi huo, kwa hiyo uniti moja inatugharimu kama shilingi 356 na sufuria nzima ya makande ikatugharimu shilingi 214. Kwa mkaa, sufuria hiyo hiyo ilikuwa inamaliza kindoo cha shilingi 2,000. Mtungi wetu wa gesi wa kilo 15, ambao ulikuwa ukiisha baada ya wiki tano, siku hizi unakaribia wiki nane, kwa kuwa gesi tumeiachia ugali, chapati, mayai na chai.

Siwezi kuuzungumzia mkaa kwa bei peke yake. Juni na Julai Arusha ni baridi, na kila mwaka wapo wanaoliingiza jiko la mkaa ndani ili lipike na kupasha nyumba moto kwa pamoja. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Sisi hatukuwahi kulala na jiko ndani, lakini katika usiku wa baridi tulipikia ukumbini milango ikiwa imefungwa, na binti yangu mdogo alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa ambayo nilikuwa nikiyahesabu kuwa mafua. Ninaona aibu kwa kuchelewa kuelewa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, na ninaamini njia ya kufika huko ni kuwaonyesha watu sufuria ya makande ya shilingi 214.

Sasa kuhusu chakula chenyewe. Kongoro ndilo lililonishangaza kuliko yote: miguu ya ng'ombe iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi hadi mchana inalainika kwa saa moja ya presha, na supu yake inaganda ikipoa, dalili kwamba mifupa imetoa kila kilichomo. Kiburu, yaani ndizi na maharage, kinahitaji akili kidogo, kwa kuwa ndizi na maharage haviivi kwa kasi moja. Ninapika maharage kwanza, ninatoa mvuke, ninaongeza ndizi na kufunga tena kwa dakika sita. Mtori unatoka mzuri sana, kwani nyama ya mfupa inaachia na ndizi zinapondeka kwa mwiko bila nguvu. Pilau inaiva, lakini haina ukoko, na kwetu pilau isiyo na ukoko inazua malalamiko mezani. Ugali usijaribu. Na mama mkwe, anayeipenda presha kuka kuliko mimi, anasisitiza kwamba makande yake yamekosa ule moshi kidogo wa kuni unaoingia katika mahindi. Amesema kweli, nami sina dawa yake.

Yapo mambo mawili ya usalama ambayo ningependa kila mnunuzi ayajue kabla ya siku ya kwanza. La kwanza ni ujazo: sufuria ya lita 6 si ya kujazwa lita 6. Chakula cha kawaida kisipite theluthi mbili, na maharage, mahindi au mchele visipite nusu, kwa maana hufura na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. La pili ni kitufe cha kupika polepole, ambacho chombo changu kinacho. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali wa angalau dakika kumi. Joto la chini la kitufe hicho huenda lisiifikie, na mlaji akapata kutapika na kuharisha vibaya. Kwa presha sumu hiyo inakwisha. Kwa hiyo maharage yapikwe kwa presha, na kitufe kile kiachiwe nyama.

Kasoro kubwa niliyoipata ilitokana na plagi. Chombo kilikuja na plagi ya pini mbili, na muuzaji akanipa adapta ndogo ya bei rahisi, akisema wateja wote wanaitumia. Wiki ya tatu nilisikia harufu ya plastiki, na nilipoichomoa nikakuta adapta imeanza kuyeyuka upande mmoja. Wati 1,000 katika umeme wetu wa volti 230 ni zaidi ya ampea 4 zinazopita kwa muda mrefu bila kupumzika, na adapta legelege haiwezi kuzibeba. Niliporudi dukani niliambiwa dhamana haihusu adapta. Fundi umeme wa mtaani alibadilisha plagi, akaweka ya pini tatu yenye fyuzi, kwa shilingi 7,000 pamoja na kazi, na tangu hapo soketi haipati joto. Ninalilalamikia jambo hili kwa uzito wake wote, kwa kuwa nyumba inaweza kuungua kwa kitu cha shilingi elfu moja. Kabla ya kulipa, kagua plagi. Ikiwa ni ya pini mbili, hesabu gharama ya fundi kuwa sehemu ya bei.

Umeme ukikatika katikati ya upishi, hofu yangu ilikuwa kwamba chakula kitaharibika. Kwa kweli chombo hushikilia joto vizuri, na mara mbili makande yalimalizia kuiva yenyewe mfuniko ukiwa umefungwa. Hata hivyo, changu hakikumbuki kilipoishia umeme unaporudi. Inabidi ukadirie dakika zilizobaki na kukipanga upya. Mpira wa mfuniko hunyonya harufu, kiasi kwamba mchele uliopikwa siku moja baada ya kongoro unanukia kongoro. Ninauvua, ninauosha na kuuanika kila baada ya kutumia, na nimenunua wa pili kwa ajili ya wali peke yake. Katika mwezi wa sita wa kukitumia chombo, mpira ule wa kwanza ulilegea, mvuke ukawa unavuja pembeni. Kuupata mwingine wa kipimo kile kulinigharimu siku mbili za kuzunguka madukani, kwa hiyo uulizie mpira wa akiba siku ile ile unapochagua chombo. Duka lisilouuza mpira wake, tafuta jingine.

Pamoja na hayo yote ninapendekeza kinunuliwe, hasa na familia inayokula maharage, makande au nyama ya mifupa mara tatu au zaidi kwa wiki. Kwa mtu anayeishi peke yake na kupika wali na mayai, shilingi 165,000 zina kazi nyingine bora. Kwetu faida iliyonigusa zaidi ilikuja kutoka upande ambao sikuutarajia. Mume wangu alishauriwa kliniki atembee nusu saa kila siku na apunguze vyakula vya kukaanga, na kwa mwaka mzima tulishindwa, kwa kuwa saa za jioni zilikuwa za jiko na saa za usiku zilikuwa za uchovu. Siku hizi ninafunga mfuniko saa kumi na moja na nusu, mama mkwe akiwapo au kaka yangu akiwa nyumbani kukiangalia chombo, kisha mimi na mume wangu tunatembea kuelekea Ngaramtoni na kugeuza. Tukirudi, kidude cha mfunikoni kinachoonyesha kama mgandamizo bado upo kimekwisha kushuka chenyewe na mvuke umeisha.

Mama mkwe anarudi Machame wiki ijayo akiwa na chombo chake, cha lita 6 kama changu, plagi imekwisha kubadilishwa na mpira wa akiba umo ndani ya boksi. Nyumba yake iko juu kuliko yetu, karibu na msitu, kwa hiyo nimemwandikia dakika zake upya kwenye karatasi ngumu kwa herufi kubwa: makande 50, maharage matupu 38, kongoro saa moja na dakika kumi. Pembeni ya kiburu ameniambia niache nafasi wazi, ataijaza mwenyewe.