Nimeunganisha IR mbili kuwa moja kwa HX Stomp na Reaper, gitaa limekaa

Wadau wa gitaa, ngoja niandike hii maana wiki tatu nimekesha nayo. Mi napiga solo bendi ya dansi, wikiendi tuko Sinza, Jumapili kanisani, na ampu niliacha kubeba zamani, bodaboda hapakii ampu bana. Naingia na HX Stomp (kimashine cha efekti cha Line 6 kinachoiga ampu) moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi, basi.

Shida yangu ilikuwa moja. Ukikulia kusikiliza Sikinde na Msondo unajua gitaa la solo linatakiwa liwe safi, lilie juu ya tarumbeta bila kuchoma masikio. Mi nina IR mbili (impulse response, faili lililonasa mlio wa spika na maiki) za kabineti lenye spika ya Celestion Vintage 30, moja imechukuliwa na maiki ya Shure SM57, nyingine na Royer R-121. Ya SM57 inakata vizuri ila nyembamba, ya Royer ina nyama lakini solo inazama ridhimu ikiingia. Nikiweka zote mbili kwenye HX Stomp zinakula bloku mbili (nafasi za kuweka efekti), na bloku zipo 8 tu (mwanzo zilikuwa 6, apdeti ya 3.0 ya 2020 ndo ikaongeza), mi hapo nataka dilei, riveb, kompresa na korasi.

Kwaiyo nikasema niziunganishe ziwe faili moja. Kiukweli inawezekana kabisa, maana IR ni faili la WAV fupi tu, ni mlio unaonaswa na maiki spika ikipigwa mpigo mmoja mfupi wa umeme, na ukijumlisha faili mbili unapata sawasawa na kujumlisha maiki mbili kwenye mikisa.

Reaper ndo nimeitumia. Siku 60 za kujaribu unapata programu nzima, baadae leseni ya mtu binafsi dola 60, na inakaa kwenye laptopu yangu ya zamani bila kugoma. Projekti niliweka sampuli (vipimo vya sauti) 48000 kwa sekunde kwasababu HX Stomp inafanya kazi kwa 48 kHz, IR ya SM57 treki ya kwanza, ya Royer treki ya pili.

Alafu sasa hapa ndo pana kazi, na hapa ndo wengi wanaacha wakisema kuunganisha IR hakufai. Faili mbili hazianzi pamoja. Moja ikichelewa milisekunde 1 tu, yaani sampuli 48, sauti zinafutana kwenye 500 Hz, 1500 Hz, 2500 Hz na kuendelea, gitaa linatoka kama mtu anaongea ndani ya bomba. Usiku wa kwanza nilipata sauti mbovu hiyo hiyo nikadhani maiki hizi haziendani kumbe hapana, nilivuta picha ya mawimbi mpaka nikaona nukta moja moja, nikasogeza ya Royer hadi mlima wake wa kwanza ukakaa chini ya mlima wa SM57, aisee besi ikarudi palepale. Alafu bonyeza kitufe cha kugeuza polariti (wimbi linapinduka juu chini) kwenye treki moja, sauti ikikonda ujue ulikuwa sawa, irudishe, ikinenepa ujue ulikuwa umekosea, iache hivyo hivyo ilivyogeuzwa. Usiruke hii hatua.

Kiasi nilichopenda mi ni SM57 kamili na Royer chini kwa desibeli 4. Wanaopiga magita mazito watataka Royer zaidi, kwa dansi hapana, itakumezea nyuzi za juu. Kurenda (kutoa faili la mwisho) ni WAV, mono, biti 24, na shusha feda kidogo maana mbili zikijumlishwa zinaweza kugonga dari sauti ikapasuka.

HX Stomp inasoma mpaka sampuli 2048, kama milisekunde 43, faili lote ni kama kilobaiti 6. Unaliburuta kwenye HX Edit (programu ya kompyuta ya kupanga HX Stomp), nafasi za IR zipo 128. Kioo cha mashine ni kidogo, kazi hii ifanyie kwenye kompyuta.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote nilikigundua mwishoni. Nilitaka EQ yangu (kata chini ya 90 Hz, punguza kidogo kwenye 3 kHz) nayo iingie humo humo, kwaiyo nikatengeneza faili lenye sampuli moja ya juu kabisa na kimya kilichobaki, nikalipitisha kwa USB ndani ya HX Stomp kwenye EQ na IR, nikarekodi kinachorudi Reaper. Hiyo rekodi ndo IR mpya, bloku nyingine imebaki. Hakikisha unakata kimya cha mwanzoni, la sivyo kinakula zile 2048 na gitaa linachelewa kidoleni. Na usiweke ovadraivu wala kompresa kwenye mstari huo, IR haiwezi kuzibeba.

Jumamosi iliyopita nimepiga nayo masaa manne, fundi mitambo hakugusa EQ ya chaneli yangu hata mara moja, kitu ambacho hakijawahi kutokea pale. Kwa hela niliyotoa, HX Stomp na Reaper nawapa nyota tano zote. Mwenzangu wa ridhimu anayo HX Stomp pia, Jumamosi hii tunafika ukumbini saa 10 jioni tumtengenezee ya kwake, yeye anataka ya spika ya Celestion Greenback.