Feni au maji? Kipi ununue kupoozea kompyuta ya nyumbani hapa Tabora

Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja zianze, Tabora hii joto na vumbi vinakuja pamoja, na ndo kipindi kompyuta za watu zinaanza kupiga kelele, gemu linakwama kwama, anayeedit video za harusi anaona kazi ya saa moja inaenda masaa mawili, afu swali linakuja lile lile, ninunue feni kubwa au ninunue ile ya maji? Napanga hapa kuanzia ambacho ningekwambia ununue kwanza mpaka ambacho ningekwambia usikiguse kabisa, na nasema mapema, kwa nyumba nyingi za hapa, iwe Isevya, Ipuli, Kanyenye au Cheyo, jibu ni feni ya mnara (mabati membamba yaliyopangwa kama mnara juu ya prosesa, na feni ubavuni) na sio maji, na sababu kubwa sio bei, ni vumbi na umbali wa kupata spea.

Kuna kitu kimoja watu wengi wanaamini na sio kweli, kwamba ile ya maji inatengeneza baridi. Haitengenezi. Pampu ndogo inasukuma maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, yanapita juu ya bamba la shaba lililokaa kwenye prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, yanabeba joto kwenye mipira miwili mpaka kwenye rejeta, kazi ile ile ya rejeta ya gari, afu feni zinapuliza joto hilo kwenye hewa ya chumba chako. Na feni ya mnara nayo ukiichunguza ina maji ndani, zile paipu za shaba zina kimaji kidogo sana ambacho kinageuka mvuke upande wa prosesa, kinapanda, kinapoa kwenye mabati membamba ya juu, kinarudi chini chenyewe bila pampu wala umeme. Kwa hiyo zote mbili mwisho wa siku zinategemea hewa ya chumba, na hakuna hata moja inayoweza kushuka chini ya joto la chumba.

Hapo ndo hesabu ya Tabora inapoingia. Ukiangalia vipimo vya watu wa Ulaya au Marekani wanapimia kwenye chumba cha digrii 20 hadi 25. Tuseme chumba kilikuwa 22 na prosesa ikafika 72, maana yake imepanda digrii 50 juu ya chumba. Sasa chukua chumba cha bati bila silingibodi, mwezi wa kumi, saa nane mchana, ndani 33, hiyo hiyo feni na hiyo hiyo prosesa inakaa 83. Feni haijaharibika, hujauziwa feki, ni hewa tu. Afu kuna urefu wa mji wenyewe, tupo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 11 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ikizunguka spidi ile ile inabeba joto pungufu kidogo. Hili linagusa feni na maji sawasawa, maana rejeta nayo inapulizwa na feni.

Mipaka yenyewe ya kukumbuka: prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni zinaanza kujipunguza spidi zikifika digrii 100, kwa zile Ryzen za AMD, Ryzen 5 5600 mwisho wake ni 90, Ryzen 7 7800X3D ni 89, na zile Ryzen 7000 zisizo na X3D kwenye jina zinaenda hadi 95. Ukiwa unacheza gemu na unaona 80 au 83, tulia, hakuna kinachoungua.

Kabla hujatoa hela, naomba ufanye haya kwanza maana nimeona kompyuta nyingi zimeletwa eti zinahitaji feni mpya kumbe zinahitaji usafi. Fungua keisi, toa vumbi kwa blowa na brashi laini, shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, na usiende kwa wajaza upepo wa matairi kwasababu kompresa zile zinatema maji na wakati mwingine oili. Ukiwa nyumba inayopikia mkaa karibu na chumba, vumbi lako litakuwa la kunata, hapo brashi ndo inafanya kazi kuliko upepo. Afu badilisha pesti ya prosesa, ile inayopakwa kupitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye feni, hasa kama ni mashine ya mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimekaa maofisini huko miaka mingi na pesti imekauka imekuwa chokaa. Futa kwa spiriti ya mafundi simu, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, funga skrubu kwa kupishanisha. Arctic MX-4 inatosha kabisa.

Na kuna kingine cha bure ambacho watu hawakigusi, kupunguza umeme wa prosesa kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoingia kompyuta ikiwa inawaka. Ryzen 7 7700X kwa kawaida inaruhusiwa kula hadi wati 142, ukiiweka Eco Mode ya 65 (hiyo 65 ni jina la daraja tu) inashuka hadi wati 88, na kwenye gemu utofauti utautafuta sana. Core i7-14700K inaweza kufika wati 253 ikiachiwa, ukiibana kwenye 125 bado ni mashine ya nguvu ila joto linakuwa la kubebeka. Kwa mji wenye joto mi naona hii ni ya lazima, sio ya hiari.

Haya sasa, namba moja: feni ya mnara mmoja, sentimita 12, paipu nne za shaba. Hapa ndo kuna Cooler Master Hyper 212, Deepcool AK400, Thermalright Assassin X 120 SE na ndugu zao. Kama una Ryzen 5 5600 au Core i5-12400 au chochote cha daraja hilo, hii inamaliza kazi yako, maana 5600 mwisho wake ni wati 76 na 12400 inapanda hadi 117 kwa muda mfupi afu inashuka 65. Kinachonifanya niiweke juu ni siku itakapoharibika. Kitu pekee kinachokufa pale ni feni, na feni ya sentimita 12 unaweza kuipata hapa hapa mjini, au ukachomoa ya nyuma ya keisi ukaifunga kwa klipu ukaendelea na kazi jioni hiyo hiyo. Hata feni ikizima yote, lile bati kubwa linaendelea kutoa joto kidogo kidogo, mashine inapungua spidi lakini unapata muda wa kusevu kazi yako. Hitisinki yenyewe, yaani lile bati na paipu zake, haina cha kuisha, utahama nayo kompyuta ya pili na ya tatu.

Ukinunua, igeuze chini uhesabu paipu. Zipo za bei poa zina feni mbili zenye taa za rangi zote lakini chini paipu mbili tu, hizo taa ndo umenunua. Angalia pia waya wa feni una pini nne, sio tatu, maana pini nne ndo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inaweza kuipangia spidi vizuri ipunguze kelele usiku.

Namba mbili: minara miwili, paipu sita, feni mbili. Hii ni kwa wenye Core i7, Ryzen 7 na 9, au anayerenda video (kuitoa video kamili baada ya kuedit) masaa mengi. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ndo imevuruga soko lote la vitu hivi, nje inauzwa dola 35 hadi 40 hivi na inakaribiana sana na za maji za 240 (urefu wa rejeta kwa milimita) zenye bei mara mbili. Noctua NH-D15 ni ya juu zaidi, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa na ina waranti ya miaka 6, ila bei yake imesimama. Pima keisi yako kabla hujatuma hela: Peerless ina urefu wa milimita 155, NH-D15 ni 165, na keisi nyingi nyembamba hazifungi mlango hapo. Angalia na ramu, kama zina mabati marefu zinaweza kugombana na feni ya mbele.

Kitu cha watu wa huku: NH-D15 na feni zake ina zaidi ya kilo moja ikiwa imening'inia kwenye mazabodi. Ukiwa mezani haina shida yoyote, lakini ukitaka kuipandisha kompyuta kwenye basi la kwenda Mwanza au Dar, au kuipeleka Kigoma, ifungue kwanza uibebe peke yake. Barabara zetu na makondakta wetu wanaorusha mizigo kwenye buti vinaweza kukunja mazabodi, na mazabodi ni ghali kuliko feni.

Namba tatu ndo maji, na hapa nazungumzia zile zilizofungwa kiwandani, rejeta ya 240, 280 au 360. Sizichukii hata kidogo, zina uzuri wake wa kweli. Joto linatolewa moja kwa moja nje kupitia juu ya keisi badala ya kuzunguka ndani, ramu zinabaki wazi, hakuna kilo inayoning'inia kwenye mazabodi, na prosesa ikiruka ghafla feni hazipigi kelele ghafla kwasababu maji yanachukua muda kupata moto. Ila huo muda ndo unadanganya watu pia. Maji yanaweza kuchukua dakika 10, 15 au zaidi kufika joto lake la mwisho, sasa mtu anapima dakika tano anasema inapooza vizuri mno, ukirenda harusi nzima ya masaa mawili unakuta tofauti na minara miwili imebaki ndogo. Kwa prosesa za wati 200 na kuendelea, zikifanya kazi muda mrefu, hapo 360 inashinda kweli, na kama wewe ndo una studio ya video na i9 sina ubishi, chukua. Arctic Liquid Freezer III ina sifa nzuri na waranti ya miaka 6, ila rejeta yake ni nene, milimita 38 kabla ya feni, pima nafasi ya juu ya keisi.

Shida zake kwa hapa. Vumbi la Tabora ni jembamba, na rejeta ina mabati yaliyobanana sana, linajijenga blanketi katikati ya feni na rejeta mahali ambapo huoni, mpaka ufungue skrubu zote za feni ndo unalikuta. Mnara unauona kwa macho ukifungua tu keisi. Pili pampu. Ikifa, joto linapanda ndani ya dakika chache au chini ya hapo, kompyuta inajizima, na hakuna fundi atakayekubadilishia pampu, unanunua nzima. Waranti ipo sawa, lakini mzigo urudi kwa muuzaji Dar, muuzaji awasiliane na kampuni, wewe ukae bila kompyuta wiki ngapi? Kama ni mashine ya kazi, mwenye maji awe na feni ya akiba kabatini, hata ile ndogo iliyokuja na prosesa. Tatu, maji yanapungua taratibu kwa kupenya kwenye mipira hata kama haivuji, miaka inavyoenda hewa inaongezeka ndani, ndo maana unasikia maji yanaguguma. Funga rejeta juu ya keisi ili hewa ikae kwenye rejeta, pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote, na waya wa pampu uwekwe kwenye pini inayoipa umeme kamili muda wote.

Wengine wananiuliza kuhusu umeme kukatika kama unaua pampu. Umeme ukikatika prosesa nayo inazima hapo hapo, kwahiyo hakuna joto jipya la kubeba. UPS, ile betri ya akiba, nunua, lakini nunua kwa ajili ya diski na kazi yako.

Namba nne, ile feni ndogo inayokuja kwenye boksi la prosesa. Kwa mashine ya stationari, shule, uhasibu, kuangalia muvi, iache, isafishe tu. Kwenye i3 na kazi za ofisini inatosha hata Oktoba, kelele ndo kubwa. Na wenye OptiPlex na EliteDesk mjue nyingi zina matundu na plagi za feni za kwao wenyewe, mnara wa kawaida unaweza usikae bila adapta, kwahiyo pesti na usafi ndo njia yenu.

Ya mwisho kabisa, maji ya rejeta ndogo ya 120. Usinunue. Feni moja tu, rejeta ndogo, inapitwa na minara mizuri ya bei pungufu, afu inakuja na shida zote za pampu. Na za maji zisizo na jina wala waranti zinaingia hapo hapo.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye keisi. Ukicheza gemu, joto kubwa halitoki kwenye prosesa, kadi ya picha kama RTX 3060 peke yake inakula wati 170 na hakuna feni ya prosesa itakayoisaidia. Keisi ya mbele wavu, feni mbili za kuingiza zenye chujio na moja ya kutoa, ili hewa inayoingia iwe nyingi kidogo kuliko inayotoka na vumbi lisinyonywe kwenye vitundu. Vichujio vioshe kila mwezi kiangazi, ukaushe vizuri ndo urudishe. Kompyuta isiwekwe chini sakafuni.

Ukiagiza Kariakoo, muulize muuzaji kabla hajapeleka mzigo kwenye basi kama vyuma vya kufungia vya soketi yako (pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi) vimo kwenye boksi, LGA1700, AM4 au AM5, na akupigie picha vyuma vyenyewe, sio boksi, kwasababu matundu ya LGA1700 ni milimita 78 na ya zamani ya 1200 ni 75, haviingiliani, na mnara wa zamani uliokaa stoo unaweza kufika huku hauna pa kushika.