Tahadhari: muuzaji wa mashine za chumba cha baridi anayepima chumba tu

Wakuu, mkikutana na mtu anayeuza mashine za chumba cha baridi cha matunda na mboga, na swali lake la kwanza na la mwisho ni ukubwa wa chumba, msimpe hata malipo ya awali. Mimi nilimpa.

Jamaa alikuja na tepu, akapima urefu, upana na kimo, akabonyeza simu yake kidogo, akasema: "Hapa hp 3 (nguvu-farasi 3) inatosha na kubaki." Hakuuliza naingiza tani ngapi kwa siku, mzigo unatoka shambani na joto gani, wala nataka upoe kwa saa ngapi. Kumbe hayo ndiyo maswali yenyewe.

Siku ya makabidhiano alikishusha chumba hadi nyuzi 2 ndani ya saa moja. Tukapiga picha ya kioo kinachoonyesha joto la chumba, mimi na yeye, nikatia saini. Chumba kilikuwa kitupu! Kupoza hewa si kazi, kazi iko kwenye mzigo.

Nikaingiza tani 4 za karoti. Kesho yake kioo kinasoma nyuzi 5, nami nachekelea, mpaka nilipochoma kipimajoto ndani ya karoti ya kreti la katikati: 17. Kihisi, yaani kipima joto kinachotuma namba kwenye kioo, alikuwa amekifunga mbele ya feni, pale pale hewa ya baridi inapotokea.

Fundi mwingine ndiye aliyenipigia hesabu, tayari nimeshalia. Kilo moja ya karoti unaiondolea kama kilojuli 3.9 ili ishuke nyuzi moja. Kilo 4,000 kutoka nyuzi 28 hadi 2 ni kilojuli 405,600. Mashine haifanyi kazi saa zote 24, lazima isimame kuyeyusha barafu, kwa hiyo yeye alipiga kwa saa 16: kilowati 7, za mzigo peke yake. Hapo bado joto la kuta na sakafu, mlango, feni, taa, vijana wa kupakia, na la karoti zenyewe, maana mboga hupumua hata baada ya kuvunwa. Na karoti ni wapole, brokoli na njegere mbichi zinatoa joto kuliko hizo kwa mbali.

Sasa ile karatasi ya mashine. Iliandikwa kilowati 8, nikaona sawa. Maandishi madogo chini yanasema zimepimwa gesi ya kupozea, ile inayozunguka ndani ya mashine, ikichemka kwenye nyuzi +7, yaani kazi ya kiyoyozi. Kwa chumba cha nyuzi 2 gesi inapaswa kuchemkia huko -5, na hapo zaidi kidogo ya theluthi ya nguvu inapotea. Nje kukiwa na joto kali inapungua tena. Hp inakwambia ukubwa wa mota, haikwambii utapata baridi kiasi gani.

Evaporeta, ile koili yenye feni inayopoza hewa ndani ya chumba, nayo alinifungia ndogo. Kwa mboga, tofauti kati ya hewa ya chumba na gesi iliyo kwenye koili inatakiwa kuwa kama nyuzi 5 hadi 7 hivi. Yangu ilifika 12. Unyevu wote wa karoti ukahamia kwenye koili ukawa barafu, na karoti zikalegea hadi unaweza kuzikunja kidoleni bila kuvunjika. Uzito umepotea, na uzito ndio nauza.

Nilipompigia alisema gesi imepungua. Mara ya pili, mnafungua mlango sana. Ya tatu, paneli zako mbovu. Ya nne simu haikupatikana.

Mwenye kutaka kununua adai hesabu ya joto kwa maandishi, ikitaja tani za siku, joto la kuingilia, saa za kupoza, na kilowati za mashine kwenye -5. Majaribio yafanyike chumba kikiwa na mzigo, na kipimajoto kiwe ndani ya tunda.

Jamaa bado anatangaza. Picha anayotumia ni ile ya kioo changu kinachosoma nyuzi 2. Ikuze uangalie nyuma: hakuna kreti hata moja.