Madaraka Express: Treni Inayomfaa Mwenye Mzigo Mwepesi

Treni ya Madaraka Express, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu mwaka 2017, humfaa zaidi msafiri aliyekwisha kuamua atabeba nini na ataacha nini nyumbani. Katika kituo cha Syokimau, ambako safari ya kutoka Nairobi huanzia, abiria huagizwa kupanga mabegi yao kwa mstari na kusogea nyuma ili mbwa wa usalama wayanuse moja baada ya jingine. Kisha kila begi huinuliwa tena, hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na hubebwa hadi ukumbi wa kusubiria. Mwenye masanduku matatu huyainua na kuyatua mpaka jasho limtoke, ilhali mwenye begi moja la mgongoni hupita akiwa bado na pumzi ya kuwasalimia askari.

Wengi huuona utaratibu huo kuwa usumbufu, lakini mimi naupenda, kwa sababu humlazimisha mtu kujiuliza juu ya kila anachobeba. Safari yangu ilikuwa ya kwenda kuonana na kaka yangu, ambaye tangu matanga ya baba tulikuwa tukijuliana hali kwa simu tu, tena kwa maneno ya kuhesabu. Nilikuwa na faili la risiti za mazishi, kuanzia jeneza hadi mahema na viti vya kukodi, nililolihifadhi kama ushahidi kwamba nilitoa zaidi yake. Nilipokuwa nikifunga safari nililitoa begini nikaliacha Nairobi, kwa maana mtu hawezi kumkumbatia ndugu yake huku kwapani amebana hesabu.

Daraja la kawaida, ambalo nauli yake ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, lina viti vinavyotazamana, kwa hiyo magoti hukutana na mazungumzo huanza yenyewe. Sehemu ya mizigo iliyo juu ya viti hujaa upesi. Baada ya Mtito Andei reli hupita juu ya tuta katikati ya mbuga ya wanyama ya Tsavo, ambako ndovu huwa wekundu kwa udongo wa huko, na asiye na sanduku la kulinda wala maneno ya kuyapanga kichwani kwa ajili ya ugomvi hupata nafasi ya kuwatazama kwa utulivu.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, mbali na kisiwani. Mwenye begi moja hupanda matatu ya kwenda mjini, lakini aliyelemewa hana budi kupatana bei na dereva wa teksi. Anayehamisha vyombo vya nyumba atafute lori. Anayekwenda kuonana na watu wake namshauri apande treni ya saa tisa alasiri, akumbuke kitambulisho, na aombe kiti cha dirishani.