Nullarbor au Blue Mountains: uijenge njia ipi ya reli ya Australia kwenye simuleta ya treni?

Nullarbor inaonekana rahisi. Reli imenyooka kilomita 478 bila kona hata moja, na nchi yenyewe ni tambarare ya mawe ya chokaa isiyo na miti. Lakini hapo macho ya dereva hayana pa kukimbilia, kwa hiyo kila kosa linaonekana. Udongo ukiwa na rangi moja tupu, au vichaka vikijirudia kwa mpangilio, uhalisia umekwisha. Njia za kupishana, yaani reli za pembeni ambako treni moja husubiri nyingine ipite, nazo ziwe ndefu kweli, maana treni za mizigo za huko hufika kilomita 1.8. Na usisahau Cook, mji uliobaki karibu mtupu.

Blue Mountains, magharibi mwa Sydney, inadai mengi zaidi: miinuko ya hadi 1 kwa 33 (reli hupanda mita moja kila mita 33), kona zinazofuatana, misitu ya mikalitusi inayolemea kompyuta dhaifu. Karibu na mji wa Lithgow kuna mahandaki 10 yaliyochukua nafasi ya Zig Zag, reli ya zamani iliyoteremka mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, mwaka 1910. Chagua kipindi kabla ya kuweka hata nguzo moja. Treni za umeme zilifika Lithgow mwaka 1957. Ukijenga miaka ya 1930, hapo ni treni za mvuke tupu, hakuna waya juu ya reli.

Mimi naipendelea Blue Mountains, kwa kuanzia kipande cha Katoomba hadi Lithgow tu. Pakia kwanza data halisi ya miinuko ya ardhi, ndipo utandike reli. Ukikisia kwa jicho, treni nzito itapanda mlima kama iko uwanjani.