PostgreSQL: Tathmini ya Kipangaji cha Maulizo na Mipangilio Yake

Mtu anapoandika ulizo la SQL, lugha ya kuulizia data, haielekezi hifadhidata njia ya kupita. Anataja anachokitaka tu, na inabaki kuwa kazi ya programu kuamua ianze na jedwali lipi, itumie faharasa (orodha inayoonyesha mstari unaotafutwa uko wapi) au isome jedwali zima, na iunganishe majedwali kwa mbinu gani. Katika PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, uamuzi huo ni wa sehemu iitwayo kipangaji, na ndicho ninachokitathmini hapa, pamoja na mipangilio ambayo msimamizi ameachiwa aibadilishe. Nimefanya nacho kazi kwa miaka kadhaa katika mfumo wa chama cha kuweka na kukopa. Nakiona kuwa kazi bora kabisa, ingawa wengi wetu tunapokwama huanza kukigusa mahali pasipostahili.

Kipangaji hupima kila njia kwa gharama kabla ya kuchagua, kama msafirishaji anayepiga hesabu ya nauli kabla mzigo haujapakiwa. Kusoma ukurasa mmoja wa diski kwa mfululizo huhesabiwa 1.0, kusoma ukurasa kwa kurukaruka huhesabiwa 4.0, na kushughulikia mstari mmoja ni 0.01. Misingi ya hesabu ya namna hii ilielezwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake waliokuwa wakitengeneza hifadhidata ya majaribio ya System R kule IBM. Kinachonivutia katika PostgreSQL ni kwamba bei hizo zote zimewekwa wazi, kila moja na jina lake, na anayetaka kuzibadilisha anaweza kufanya hivyo kwa amri ya SET ndani ya kikao chake mwenyewe, bila kuizima seva wala kumsumbua mtumiaji mwingine. Jaribio likishindikana, kikao hufungwa na mambo hurudi yalivyokuwa.

Bei moja kati ya hizo imepitwa na wakati kwa wengi wetu. Ile 4.0 ya random_page_cost, yaani bei ya kusoma kwa kurukaruka, imejengwa juu ya diski zinazozunguka: nyaraka rasmi zinaeleza kuwa inachukulia kusoma kwa kurukaruka ni polepole mara 40 kuliko kusoma kwa mfululizo, huku asilimia 90 ya masomo hayo ikitarajiwa kupatikana tayari kwenye kumbukumbu. Kwenye seva yenye diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, tofauti hiyo haipo tena kwa kiasi hicho, na kipangaji huishia kuikwepa faharasa nzuri kwa kuiona ghali. Sisi tuliishusha hadi 1.1 na maulizo ya kutafuta mwanachama mmoja mmoja yakaacha kusoma majedwali mazima. Kama seva ina diski za aina mbili, thamani hiyo inaweza kuwekwa kwa kila eneo la kuhifadhia peke yake, jambo ambalo ni la msaada mkubwa na halitajwi vya kutosha.

Mpangilio wa effective_cache_size haukamati kumbukumbu yoyote. Hukiarifu kipangaji tu kiasi cha data ambacho kinaweza kutarajia kukikuta kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya seva. Chaguo-msingi ni GB 4, na kwenye seva ya GB 16 sisi tuliweka 12. Uangalifu mkubwa zaidi uende kwenye work_mem, ambayo huanza na MB 4, kwa sababu kiwango hicho hakihesabiwi kwa kila mtumiaji bali kwa kila hatua ya kupanga mistari kwa mfuatano au kuunganisha majedwali ndani ya ulizo. Ukiweka MB 64, ukawa na miunganisho 100 na kila ulizo lina hatua mbili za namna hiyo, tayari unazungumzia karibu GB 13. Ni afadhali kuiacha ndogo kwa seva nzima na kuiongeza kwa ripoti nzito pekee, au kwa akaunti inayoziendesha, kupitia ALTER ROLE.

Hata hivyo, tatizo lililonifundisha zaidi halikuhusiana na bei hizo hata kidogo. Tulikuwa na jedwali la marejesho lenye mistari inayokaribia milioni 6, na kila mwisho wa mwezi tulipakia mistari kama laki 2 usiku, kisha ripoti ikafuata papo hapo. Mwezi mmoja ripoti iliyozoea kumalizika ndani ya dakika moja ilikuwa bado inaendelea asubuhi watu walipofika kazini. Niliisimamisha, nikaendesha EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango uliochaguliwa na makadirio yake, na kwenye tawi la jedwali la marejesho nikakuta rows=1. Kipangaji kiliamini kwamba mwezi huo mpya una mstari mmoja tu, na kwa imani hiyo kikaona hakuna ubaya kulisoma jedwali la adhabu, lisilo na faharasa ya kufaa, mara moja kwa kila rejesho. Mara moja kwa mstari mmoja si kitu. Mara laki 2 ni usiku kucha.

Kosa lilikuwa letu. PostgreSQL hukusanya upya takwimu za jedwali, ambazo kipangaji huzitumia kukadiria idadi ya mistari, pale mabadiliko yanapozidi mistari 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali, na laki 2 ndani ya milioni 6 haifiki huko. Orodha ya miezi ambayo kipangaji kilikuwa nayo haikuwa na mwezi mpya, hivyo kilikadiria kidogo iwezekanavyo. Niliendesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu upya, kwa jedwali hilo, ikamalizika ndani ya sekunde chache, na ripoti ikatoka kwa muda wake wa kawaida. Tangu hapo amri hiyo ipo mwishoni mwa programu ya upakiaji, na autovacuum_analyze_scale_factor ya jedwali lile, yaani ile asilimia 10, imeshushwa hadi 0.01 (asilimia 1).

Udhaifu halisi wa kipangaji unajitokeza pale safu mbili zinapotegemeana. Tuseme asilimia 20 ya wanachama wako Dar es Salaam na asilimia 5 wako Kinondoni. Ulizo likitaja mkoa na wilaya kwa pamoja, kipangaji huzidisha sehemu hizo mbili na kupata asilimia 1, ilhali kila aliyeko Kinondoni yuko Dar es Salaam na jibu sahihi ni 5. Makadirio yaliyopungua mara tano, yakipita kwenye miunganisho mitatu au minne, huharibu mpango wote. Toleo la 10 la mwaka 2017 lilileta CREATE STATISTICS, amri inayokifahamisha kipangaji kwamba safu hizo zinakwenda pamoja, na ikifuatiwa na ANALYZE makadirio hukaa sawa. Naihesabu kuwa nyongeza bora kuliko zote nilizozitumia katika sehemu hii, na inasikitisha kwamba ni lazima msimamizi agundue uhusiano huo mwenyewe.

Mipangilio kama enable_nestloop (kuunganisha kwa kulirudia jedwali la pili kwa kila mstari wa la kwanza) na enable_seqscan (kusoma jedwali zima), ambayo huruhusu au kuzima njia fulani, naipenda kwa uchunguzi peke yake. Kuzima njia moja ndani ya kikao na kulinganisha mipango miwili ni somo zuri sana, lakini niliwahi kuizima enable_nestloop kwa seva nzima nikidhani nimetibu ripoti moja, na maulizo madogo kwa mamia yakawa mazito. JIT nayo, inayotafsiri sehemu za ulizo kuwa msimbo wa mashine wakati wa kuliendesha, na ambayo toleo la 12 liliiwasha kwa chaguo-msingi, iangaliwe: gharama iliyokadiriwa ikivuka 100000, hatua ya kutafsiri huanza, na makadirio yakiwa yamevimba bila sababu muda huo hupotea bure.

Manung'uniko yangu ya mwisho ni kwamba PostgreSQL yenyewe haina njia ya kuamrisha kipangaji moja kwa moja ndani ya ulizo kitumie faharasa fulani. Watengenezaji wana hoja yao, kwamba amri za namna hiyo hubaki zimeganda wakati data inabadilika, na kwa siku nyingi nakubaliana nao. Ila saa nane usiku, ripoti ikiwa imekwama na takwimu zikiwa sahihi, nimehitaji njia hiyo. Kiongezi cha pg_hint_plan kinaitoa, na tumekisakinisha. Mpaka sasa tunakitumia kwa maulizo mawili tu, kila moja likiwa na maelezo ya sababu na tarehe ya kuliangalia tena.