Kabla hujanunua mashine ya espresso yenye kisagio, fungua mlango wa ubavuni

Tulirudi Kisumu kutoka ushago Siaya baada ya wiki mbili za Krismasi, na kabla hata sijafungua mabegi niliwasha mashine yangu ya kahawa. Ikasaga, ikaguruma, ikatoa kikombe. Nilionja nikatema kwenye sinki. Kilikuwa na ladha ya gunia lililolowa. Nikaosha tangi, nikamwaga machicha, nikasugua trei, nikatia buni mpya. Gunia lilelile.

Fundi wangu wa Kondele aliifungulia juu ya meza ya jikoni. Alitoa skrubu kumi na moja, akavua ganda la nyuma, kisha akaniita, "Mama, njoo ujionee." Ndani kabisa, pale unga unapokandamizwa na kupitishiwa maji ya moto, kulikuwa kumeota kuvu ya kijani iliyoshikana na machicha ya tangu sijui lini. Miezi saba nilikuwa nikiwakaribisha wageni kwa maji yaliyopita hapo. Mama mkwe alikunywa vikombe viwili mwezi wa kumi na moja, akasema kahawa yangu ni tamu.

Mashine hiyo sitaitaja, na haimo kati ya hizi ninazozipanga hapa. Nataka tu asipatwe mwingine na yaliyonipata, maana nilitoa shilingi elfu sitini na mbili.

Mambo ya bar, yaani kipimo cha msukumo wa maji, sitayagusa sana. Katoni moja inasema 15, nyingine 20, ilhali espresso hukamuliwa kwa takriban bar 9, kwa hiyo namba hiyo isikutie wasiwasi wala isikutoe pesa. Idadi ya vinywaji na uzuri wa skrini, muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nina swali moja: kikamulio kinatoka?

Kikamulio naita kile kisehemu cha ndani, chenye ukubwa wa ngumi mbili hivi, kinachopokea unga kutoka kwenye kisagio, kuukandamiza, kupitisha maji na kutupa machicha. Kila kikombe kinakiacha kikiwa na maji, joto, giza na mafuta ya kahawa. Kwa mji ulio ufukweni mwa ziwa kama wetu, kuvu haihitaji kubembelezwa. Rafiki yangu wa Nakuru ana mashine ambayo kikamulio chake hakitoki, mwaka wa tatu sasa, na hajanusa kitu, lakini Nakuru iko juu zaidi na usiku wake una baridi. Ushauri wake niliufuata nikaumia.

Namba moja kwangu ni De'Longhi Magnifica S, ile ya vitufe na kirungu, ECAM 22.110. Niseme wazi kwamba naipendelea, na hakuna aliyenilipa. Unaizima, unafungua mlango wa ubavuni, unabana vitufe viwili vya rangi na kikamulio kinakuja mkononi. Unakiloweka kwenye maji kama dakika tano, unakisuuza chini ya bomba bila sabuni, unakiacha kikauke. Kiwandani wanasema angalau mara moja kwa mwezi. Kwa Kisumu mimi nafanya kila Jumamosi. Tukienda ushago nakiacha nje juu ya taulo na mlango wa mashine ukiwa wazi. Angalizo: izime kwa kitufe chake kwanza, usichomoe tu kwenye soketi, kwa sababu kikamulio lazima kirudi mahali pake ndipo kitoke. Ukikivuta kwa nguvu utakivunja.

Kuna kingine walichokifikiria ambacho sijasikia muuzaji hata mmoja akikitaja. Mashine hii hukuambia umwage machicha saa 72 baada ya kikombe cha kwanza, hata kama kisanduku hakijajaa. Yaani kuna mtu kule Italia alijua machicha yakikaa siku nne yanaota. Ila hesabu hiyo inataka umeme usikatwe, na hapa kwetu stima hupotea inavyotaka, kwa hiyo usiitegemee. Mwaga kila jioni. Kisagio kina daraja 13 za kusaga laini au chenga, na kirungu chake kizungushwe kisagio kikiwa kinasaga tu. Povu la maziwa unalitengeneza kwa mkono, jambo ambalo wengine hawalipendi. Mimi silioni kuwa kasoro, maana bomba la mvuke unalifuta kwa kitambaa ukamaliza.

Philips 3200 LatteGo naiweka ya pili, na kwa mtu wa maziwa mengi sitabishana naye akiiweka ya kwanza. Kikamulio kinatoka, na kitabu chake kinakutaka ukisuuze kila wiki, jambo la busara. Chombo chake cha maziwa kina vipande viwili bila mrija wowote ndani, na mrija ndiko maziwa huganda yakachacha. Kinachonisumbua ni kwamba kikamulio chake lazima kipakwe grisi maalumu ya vyakula kila miezi miwili. Nimeitafuta grisi hiyo madukani hapa mjini nikaambiwa nitumie mafuta ya kupikia. Usithubutu. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Ya tatu ni Sage Barista Express, ambayo Marekani na Australia inaitwa Breville. Hii haina kikamulio cha kujificha: unga unaingia kwenye kijiko chenye mpini, unaukandamiza mwenyewe, unakamua, unagonga machicha, unaosha. Kila kitu unakiona. Hata jino la juu la kisagio linatoka ukapiga brashi ndani. Kahawa yake, mikononi mwa mtu aliyejifunza, inazishinda mbili za juu, hasa ukitumia buni nzuri za Mlima Elgon au Kipkelion zilizokaangwa karibuni. Lakini asubuhi ya watoto kwenda shule mimi sina muda wa kupima gramu 18.

Jura ni mashine nzuri sana, imetengenezwa kwa heshima, nami naiweka ya nne bila kusita. Kikamulio chake mwenye nyumba hakitoi. Kinasafishwa kwa vidonge. Pengine vidonge vinatosha. Ila mimi nimeshaona kilichokuwa nyuma ya ganda, na siwezi tena kunywa kupitia mahali nisipoweza kupatazama.

Za bei ya chini zisizo na jina, ziache. Pesa zikiwa chache, birika la moka, lile la kuweka jikoni juu ya moto, na kisagio cha mkono vitakupa kikombe safi zaidi.

Sasa wauzaji. Unaona picha, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Ukifika inbox unaulizwa uko wapi kwanza. Ukisema Milimani bei inapanda. Dukani nako katoni haifunguliwi mpaka ulipe, na ukitaka kuona mlango wa ubavuni unaambiwa, "Dada, hizi zote ni sawa." Si sawa! Wengine wanaleta mitumba ya Marekani ya volti 120 na kukuuzia adapta ya plagi kana kwamba adapta inapunguza umeme. Yetu ni volti 240. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu. Mashine itaungua siku hiyohiyo. Geuza mashine usome kibandiko cha chini kabla hujatoa simu kulipa.

Aliyeniuzia yangu alinionyesha muhuri kwenye risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilimjibu kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Akasema kuvu ni uchafu wangu. Nikamuuliza ningeisafisha vipi ilhali imefungwa kwa skrubu kumi na moja. Akanyamaza, akahudumia mteja mwingine. Barua ya pili nimempelekea Jumatatu, pamoja na picha alizopiga fundi.